Si ninyi, ni wale wengine

Doncaster, Jumapili, 7 Desemba 2025

Anayetaka kujua Waingereza wanawaza nini kuhusu siasa zao asihangaike na televisheni. Aje afanye kazi yangu. Mtu unayemvalisha soksi saa moja asubuhi hana sababu ya kukupambia maneno. Atakwambia nani mwongo, nani mwizi na nani angefaa kutupwa mtoni, kisha akuulize kama mkate umeiva kwenye mashine.

Kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wazee hapa Doncaster, Yorkshire ya Kusini. Nilitoka Mombasa kwa ile viza ya wahudumu iliyofunguliwa mwaka 2022, enzi ambazo nchi hii ilikuwa ikitutafuta kwa tochi. Majina siandiki, na alama za watu nimezichanganya makusudi, kwa sababu siri za nyumba ya mtu nazo ni sehemu ya kazi.

Nianze na mzee wangu wa Edlington. Alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mgodi wa kijiji chao, Yorkshire Main, ulifungwa 1985, miezi michache baada ya mgomo mkubwa wa wachimba migodi kushindwa, na mpaka leo jina la Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati ule, halitajwi nyumbani kwake kabla hajamaliza chai. Babake alikuwa Labour, chama cha wafanyakazi, yeye Labour, mkewe marehemu Labour. Jimbo la zamani la Don Valley, ambalo Edlington ilikuwa ndani yake, lilishikwa na Labour tangu 1922. Likaja suala la Brexit, kujitoa Umoja wa Ulaya, na 2019 jimbo likaenda kwa Conservative, chama cha Thatcher yuleyule. Mzee anasema siku ile yeye alibaki nyumbani, mkono ulikataa. Mei mwaka huu hakubaki nyumbani. Alipigia Reform, chama cha Nigel Farage kinachotaka wageni wapungue.

Nilimuuliza kwa nini, nikiwa nimejiandaa kusikia habari zetu sisi wageni. Yeye akaniambia habari za hita. Julai 2024, wiki chache tu baada ya kushinda uchaguzi, serikali ya Labour ilitangaza kwamba ruzuku ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, pauni 200 au 300 kwa mwaka kutegemea umri, wataendelea kuipata wastaafu wenye kipato cha chini kabisa tu. Mzee akakatwa. Baridi ile nilimkuta mara kadhaa na koti ndani ya nyumba, na sidhani alikuwa akifanya mchezo wa kuigiza.

Lakini kuna jambo ambalo mimi, kama mgeni, nililiona na yeye hataki kuliona. Oktoba 2024 serikali hiyohiyo iliwarudishia wachimba migodi wa zamani pauni bilioni 1.5 za akiba ya mfuko wao wa pensheni, fedha ambazo walikuwa wakizidai miaka nenda miaka rudi. Pensheni zikapanda kwa asilimia 32, wastani wa pauni 29 kwa wiki. Piga hesabu: ni zaidi ya pauni 1,500 kwa mwaka, mara tano au zaidi ya ile ruzuku. Nikamkumbusha. Akanitazama kama niliyemwaga uji.

"Hizo zilikuwa zangu," akasema. "Wamenirudishia changu. Ile nyingine wamenipokonya."

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Juni mwaka huu serikali ikageuka, ikasema ruzuku inarudi kwa kila mstaafu mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000. Mzee kaipata tena. Shukrani sikuisikia, si kwake wala kwa mwingine yeyote ninayemhudumia. Nadhani Waziri Mkuu Keir Starmer na Waziri wake wa Fedha, Rachel Reeves, walipata hasara mara mbili: fedha hawakuziokoa, na lawama wamebaki nazo.

Binti wa mzee, ambaye huja Jumamosi na mifuko ya manunuzi, ana mambo yake. Tarehe 1 Mei tulipewa karatasi mbili, moja ya meya na moja ya madiwani. Yeye alimpigia meya wa Labour, Ros Jones, kwa sababu ya uwanja wa ndege. Uwanja wa Doncaster Sheffield ulifungwa mwishoni mwa 2022 na meya huyo ameng'ang'ana ufunguliwe tena. Kwenye karatasi ya pili akaweka alama kwa Reform, na huyo si peke yake. Ros Jones alipita kwa tofauti ya kura 698, na palepale Reform ikabeba viti 37 kati ya 55 vya baraza. Meya wa chama hiki, baraza la chama kile, kura za siku moja. Hakuna cha mafiga matatu, rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, kama kwa majirani zetu Watanzania. Binti wa mzee haoni ajabu yoyote: "Yule nilimtaka, wale wengine nilitaka waamke."

Nimekuwa nikiambiwa kwamba hapa mtu huzaliwa na chama kama anavyozaliwa na timu ya mpira. Labda zamani. Ninachokiona mimi ni watu wanaoanza kufanana na sisi Wakenya, ambao vyama kwetu ni kama matatu za abiria: unapanda, ikifika unashuka, safari nyingine unatafuta nyingine. Kibaki aliingia kwa Narc 2002, uchaguzi uliofuata yuko PNU. Jubilee ilitawala, sasa hata walioijenga wamehama. Farage naye, ukimtazama vizuri, angeweza kugombea kwetu: alikuwa UKIP, akaenda Brexit Party, ikabadilishwa jina kuwa Reform UK. Na chama chenyewe kilisajiliwa kama kampuni, yeye akiwa na hisa nyingi zaidi, mpaka alipoziachia mapema mwaka huu. Nilipomweleza kaka yangu wa Likoni kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kumbe wazungu nao!"

Tofauti ni kwamba sisi tulijua tangu mwanzo. Hawa wameshtuka. Mzee wa Edlington anapozungumzia Labour sauti yake si ya hasira, ni ya mtu aliyefiwa halafu akanyimwa urithi.

Wengine niwataje upesi. Bibi mmoja wa Bawtry, mji wenye maduka mazuri na magari safi, bado ni Conservative na atazikwa Conservative, ila Liz Truss, waziri mkuu wa chama hicho, hajamsamehe kwa zile siku zake 49 madarakani mwaka 2022 na riba ya mkopo wa nyumba ya mwanawe. Aliniuliza kama nina furaha kwamba Kemi Badenoch, kiongozi wao wa sasa, ni Mwafrika mwenzangu. Badenoch alizaliwa London akakulia Lagos. Nikasema ndiyo, nina furaha, kama vile Lagos na Mombasa ni mtaa mmoja. Mwenzangu wa zamu ya jioni, binti wa hapahapa mwenye miaka ishirini na kitu, alipigia Labour mwaka jana na sasa yuko Green, chama cha mazingira, tangu Zack Polanski achukue uongozi wake Septemba. Anapenda kwamba Polanski anasema wazi matajiri walipe kodi. Dereva wa teksi anayenichukua usiku, wazazi wake walitoka Pakistan, anasema Labour ilimpoteza kwa sababu ya Gaza na haimrudishi. Na kijana anayemnyoa mwanangu hapigi kura kabisa. "Wote wale wale," husema, maneno yaleyale ninayoyasikia Kongowea, kwetu Mombasa.

Kwa hiyo msidhani kila mtu anaelekea upande mmoja. Siku ile ile ya 1 Mei, Reform ilichukua kiti cha ubunge cha Runcorn na Helsby kwa kura 6. Oktoba, katika uchaguzi mdogo wa bunge la Wales huko Caerphilly, ngome ya Labour ya karibu miaka mia, walioshinda ni Plaid Cymru, chama cha Wales; Reform ikawa ya pili na Labour ya tatu. Watu wanamkimbia mwenye nyumba kupitia kila dirisha. Na tukumbuke mwenye nyumba mwenyewe aliingiaje: 2024 Labour ilipata kama asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform walipata asilimia 14 wakaambulia viti 5. Liberal Democrats, kwa asilimia 12, wakapewa 72. Kwetu hesabu kama hiyo ingemaliza mwezi Mahakama ya Juu.

Mimi mwenyewe napiga kura. Hili huwashangaza hata Waingereza. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola akiwa na kibali halali cha kukaa anapiga kura zote, hadi ya ubunge. Mwenzangu Mnyarwanda anaweza, kwa kuwa nchi yake ilijiunga 2009. Mwenzangu Mkongo kutoka Bukavu, aliyetutangulia hapa sote, hawezi mpaka apate uraia. Niliingia ukumbi wa kanisa na pasipoti ya Kenya, mama wa makaratasi akaitazama, akatazama uso wangu, akanipa karatasi na kunielekeza kwenye meza yenye penseli iliyofungwa kamba. Penseli! Wala hakuna wino wa kidoleni. Nilitoka nikijitazama mkono kama mtu aliyeibiwa saa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Agosti 2024 hoteli ya Manvers, karibu na Rotherham, ambako walikuwa wamewekwa waomba hifadhi, ilivamiwa na kundi la watu na kuwashiwa moto watu wakiwa ndani. Si mbali na njia zangu za kazi. Kiangazi cha mwaka huu zikatundikwa bendera za England, zile nyeupe zenye msalaba mwekundu, kwenye nguzo za taa katika miji mingi. Wengine wamezitundika kwa mapenzi ya nchi yao na sina neno. Wengine wamezitundika ili nizione mimi. Ukiwa barabarani alfajiri peke yako hujui ipi ni ipi. Septemba, Reform ikatangaza kwamba ikishika serikali itaufuta ukaazi wa kudumu, kila mgeni awe anaomba viza upya kila baada ya miaka mitano kwa masharti ya mshahara ambayo mtu wa kazi yangu hayafikii.

Nilimwambia mzee. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguu. Akakunja uso kwa mshangao wa kweli. "Si ninyi," akasema. "Ninyi mnafanya kazi. Ni wale wengine."

Nimelisikia neno hilo katika nyumba nyingi kiasi kwamba nimeacha kubishana nalo. Wanaolisema si waongo. Mzee ananipenda, nikichelewa huchungulia dirishani. Lakini kwenye karatasi ya kura hakuna nafasi ya kuandika "isipokuwa yule wa asubuhi". Kichwani mwake kuna mimi, na kuna tarakimu ya televisheni, na hajawahi kutukutanisha. Wakati mwingine namwonea huruma, wakati mwingine natamani kumwachia soksi azivae mwenyewe. Haya yote hutokea katika nusu saa moja.

Kilichonikata maini zaidi, hata hivyo, hakikutoka Reform. Kilitoka kwa niliowapigia mimi. Mei, Starmer alihutubia akisema Uingereza ina hatari ya kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Baadaye akasema anajutia maneno hayo. Julai, serikali ikafunga kabisa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Tarehe 20 Novemba, Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akaleta mapendekezo: watu wa viza kama yangu, ambao tuliambiwa tungeomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5, tungoje 15. Pamoja na sisi tuliokwisha kuingia. Ninapoandika haya bado ni mapendekezo, maoni yanapokewa mpaka Februari 2026. Mwanangu atakuwa mtu mzima kabla ya jibu.

Kwa hiyo wakinijia tena mlangoni na vipeperushi vyekundu vya Labour nitawaambia nini? Mwenzangu wa Green ananivuta upande wake, na huenda akafaulu. Ila sitaki kujifanya kwamba mimi napiga kura kwa hekima na mzee kwa hasira. Yeye alikatwa pauni mia mbili tatu, mimi naongezewa miaka kumi. Wote wawili tunakumbuka kilichochukuliwa.

Jana binti wa mzee alikuja na mifuko yake. Alinikuta naandika ripoti ya zamu, akaniuliza nitapata lini makaratasi yangu ya kudumu, maana aliwahi kusikia ni miaka mitano. Nikamwambia habari mpya. Akaweka maziwa mezani. "Kumi na tano? Kuna wauaji wanatoka mapema kuliko hapo." Akamgeukia babake, babake akajifanya hasikii, na huwa anasikia vizuri sana akitaka. Akatoa simu, akatafuta barua pepe ya mbunge wao, ambaye ni wa Labour, akaanza kuandika palepale huku amesimama, mwanamke aliyewapa Reform baraza la mji huu. Katikati akainua kichwa akaniuliza jina langu la ukoo linaandikwaje.