Nilivyojifunza kuuliza habari za tembo, pombe ya mnazi, na za vita Pemba

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na kwa miaka kadhaa utafiti wangu hapa Pemba umezunguka maswali mawili ambayo kwetu mtu haulizwi uso kwa uso: kijana anakunywa kiasi gani, na askari aliyerudi kutoka vitani analala vipi usiku. Nilidhani ugumu utakuwa katika kuyachambua majibu, kumbe ulikuwa katika kuuliza.

Nilianza na vijana wa miaka 18 hadi 25 katika shehia mbili za wilaya ya Chake Chake. Nilikuwa na kibali cha maadili ya utafiti, pamoja na dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, ambalo lina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40, na anayepata 8 au zaidi huhesabiwa kuwa unywaji wake unamweka hatarini. Sheha, kiongozi wa shehia, alinipokea kwa heshima, akanipa na msaidizi wake anizungushe nyumba kwa nyumba, nami kwa kuona haya nikakubali. Hilo lilikuwa kosa langu. Kwa siku nne sikumpata hata mnywaji mmoja, katika kijiji ambacho ukipita jioni kwenye minazi unaisikia harufu ya tembo kabla hujamwona mgema. Kijana gani atakiri kuwa anakunywa mbele ya mtu anayesimama safu moja na baba yake msikitini?

Nilimrudia sheha nikamweleza. Alicheka, akasema, "Mwanangu, ungeniambia mapema. Hata mimi nisingekujibu." Tukakubaliana kuwa barua yake itangulie na watu wake wabaki. Tangu hapo kila kijana alipewa karatasi isiyo na jina, akaijaza peke yake, akaikunja na kuitumbukiza katika kisanduku nilichokifunga kwa kufuli mbele ya macho yake. Majibu yalianza kufanana na harufu ya kule minazini.

Likabaki tatizo la kipimo. Tafsiri niliyokuwa nayo iliuliza "vinywaji sanifu vingapi", na kijana mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kinywaji sanifu ndiyo kipi, dada? Soda?" Dodoso linakusudia gramu 10 za kilevi halisi, kwa hiyo chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ni karibu vipimo viwili; hesabu hiyo ni nyepesi. Tembo halina lebo. Lililogemwa asubuhi ni tamu na jepesi, lakini likikaa mpaka alasiri ni jingine kabisa. Niliazima vikopo vya plastiki wanavyonywea, nikavijaza maji na kuyamimina katika jagi la kupimia unga jikoni kwangu, na vikopo viwili vilivyoitwa kwa jina moja havikulingana. Mwishowe nilichora vikopo vyenyewe kwenye dodoso na kuongeza swali la saa ya kunywa. Makadirio yangu bado si kamili, ila ni ya kweli kuliko ya mwanzo.

Watafiti wa Marekani wameonyesha, kwa wanafunzi wa vyuo na hata kwa askari vijana waliotoka jeshini, kwamba mnywaji hukisia wenzake wanakunywa zaidi kuliko wanavyokunywa kweli, na akionyeshwa hesabu yenyewe huenda akapunguza, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Hapa nilikuta kisio la aina mbili: nyumbani husemwa hakuna anayekunywa, na kwenye maskani, wanapokaa vijana, husemwa wanakunywa wote. Kijana huishi katikati ya kauli hizo mbili bila kujua idadi.

Kwa askari nilikwenda taratibu zaidi. Niliwatafuta wastaafu, wakiwemo waliopigana vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978 na kuiangusha Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ugonjwa wa kiwewe, yaani mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, uliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa hiyo wazee hawa walirudi kwao kabla hali yao haijapewa jina hilo. Nilipowauliza juu ya vita, walinihadithia safari, mizigo na matope, basi. Nilipobadilisha nikauliza juu ya usingizi, mzee mmoja alinyamaza, kisha akanionyesha bati la nyumba yake. "Nazi ikianguka hapo usiku," alisema, "mimi huwa nishashuka kitandani, niko chini, kabla sijajua nimeamka." Barazani pia hukaa ukuta ukiwa mgongoni na njia ikiwa mbele. Mkewe alikwisha kumpeleka kwa mganga mara mbili.

Sikumpinga mkewe. Nilimweleza mzee kwamba mwili wake ulijifunza jambo lililomwokoa, na haujaambiwa kuwa vita vimekwisha. Alinisikiliza, akaniuliza kama tembo linasaidia. Nilimjibu kwamba linaleta usingizi upesi, lakini linaukatakata katika nusu ya pili ya usiku.

"Siulizi kwa ajili yangu mimi," akasema. Wiki iliyofuata alikuja na mtoto wa nduguye, aliyewahi kutumikia kikosi cha kulinda amani Kongo. Kijana alikaa penye ukuta, macho mlangoni, nami nikaanza kwa kumuuliza jana alilala saa ngapi.