Mashine Mpya Ndani ya Saa ya Mjomba

Tabata, Jumapili jioni

Feni nimeiwasha tena, madirisha yako wazi, na saa ya mjomba imelala juu ya kitambaa cheupe mezani, inatembea. Kwa muda wa saa tatu nilikuwa nimejifungia chumbani bila upepo wowote, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikitua juu ya uso wa saa itabaki chini ya kioo miaka mingine yote, na kwa sababu upepo wa feni unatosha kabisa kuupeperusha mshale wa sekunde ukaangukia pasipojulikana. Anayeujua mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam ataelewa joto hilo lilivyokuwa. Nilifunga kitambaa kipajini ili jasho lisidondoke, nikavaa vifuniko vya mpira kwenye vidole vitatu vya kila mkono, kisha nikafanya kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu Desemba.

Saa yenyewe ni Seiko 5, ya chuma, yenye uso wa buluu ambao umepauka kidogo upande wa chini. Mjomba aliinunua alipokuwa akifanya kazi bandarini na hakuivua hata siku moja, isipokuwa kwa udhu. Alikuwa hakumbuki mwaka, lakini namba iliyochorwa kwenye kifuniko cha nyuma inaanza kwa 8 na herufi N, na kwa utaratibu wa Seiko tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa saa, na alama ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa miezi tisa ya kwanza, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Namba hiyo haitaji muongo. Kwa kuwa mashine iliyomo, 7S26, ilianza kutumika mwaka 1996, na mjomba ana hakika kwamba aliivaa kabla ya mwaka 2000, basi ni Novemba 1998. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ni mwaka aliozaliwa dada yako."

Ugonjwa wake ulikuja polepole. Kwanza ilichelewa dakika mbili tatu kwa siku, halafu ikaanza kusimama usiku. Mashine ya 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono. Ndani yake kuna bamba zito la umbo la nusu duara linalozunguka kila mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaoikaza kamani, ile springi inayoiendesha saa. Kamani ikijaa, saa inaweza kutembea takriban saa 40 hata ikiwa imewekwa tu mezani. Ya mjomba ilikuwa haifikishi saa sita. Kila alfajiri aliitikisa kama mtu anayetikisa chupa ya dawa, akairekebisha kwa adhana, akaivaa. Nilipoifungua niliona mafuta yamekauka yakawa rangi ya kahawia, na skrubu mbili zimeshika kutu. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekuwa mgumu, umepasuka, na hewa ya pwani ilikuwa imepita hapo kwa miaka mingi.

Njia ya kwanza na ya heshima zaidi ni kuifungua mashine nzima, kuosha kila gurudumu, kutia mafuta mapya ya aina tofauti mahali tofauti, na kuirudisha. Nasema wazi kwamba kazi hiyo siiwezi. Nimejifunza mambo haya usiku, baada ya kazi, kwa saa mbovu nilizonunua mnadani, na mkono wangu bado haujafikia pale ambapo ningethubutu kuligusa gurudumu la balansi, lile linaloyumba huku na huko na kuipa saa mapigo yake, la saa ya mtu ninayemheshimu. Kubadilisha mashine nzima naweza. Wapo mafundi wanaoidharau kazi hii na kusema kwamba ni sawa na kubadilisha betri, nami siwezi kukubaliana nao, kwa sababu ugumu wake hauko kwenye mashine bali kwenye kuifanya mashine ngeni ikae sawasawa ndani ya kasha ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake, na hapo robo ya milimita inatosha kuharibu kila kitu.

Nilichagua NH36. Seiko huiuza kwa watengenezaji wengine kwa jina hilo, na mashine ya aina hiyo hiyo ikiwa ndani ya saa zake yenyewe huitwa 4R36. Ukubwa wake ni ule ule wa 7S26, mishale ya zamani inaingia bila kubadilishwa chochote, na mwendo wake ni ule ule wa mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kwa kila sekunde, hivyo mshale wa sekunde utaendelea kupita vile vile macho ya mjomba yalivyozoea. Lakini inatiwa ufunguo kwa mkono, na ukivuta kichwa cha ufunguo, kile kifundo cha pembeni mwa saa, hadi mwisho sekunde zinasimama, jambo ambalo ile ya kwanza haikuwa nalo. Niliiagiza kwa dola 40 hivi, nje ya gharama ya usafirishaji.

Kuitoa mashine ya zamani hakukuwa na taabu. Taabu ilianza kwenye mabamba ya siku na tarehe. Katika saa hii kichwa cha ufunguo hakiko usawa mmoja na dirisha la tarehe. Kimeshushwa hadi kwenye 4, kwa hiyo mashine nzima imelala kwa kuzunguka kidogo ndani ya kasha. Mabamba ya mashine niliyopata yamechapwa kwa ajili ya saa yenye ufunguo kwenye 3, na kama ningeiweka ilivyo, tarehe ingeonekana dirishani imeinama. Dawa yake ni kuhamisha mabamba ya zamani kwenda kwenye mashine mpya, na nilifurahi kwamba inawezekana, kwa sababu bamba la siku la mjomba lina Kiarabu na Kiingereza, na yeye huiweka kwenye Kiarabu.

Bamba la siku linashikwa na klipu nyembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, iliyo wazi upande mmoja. Ukiiinua vibaya inaruka. Nimewahi kupoteza moja hivyo, nikapapasa sakafu kwa sumaku hadi usiku wa manane bila kuipata. Safari hii niliingiza mikono yangu na mashine ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, nikailaza ncha ya bisibisi kwenye upenyo wa klipu, nikaizungusha badala ya kuiinua. Iliruka vile vile. Niliisikia ikigonga plastiki, tiki, ikadondoka karibu na kidole gumba changu.

Kuhusu kijiti cha ufunguo nataka kueleza kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu kazi ya Desemba imeisha leo. Kijiti ni kile chuma chembamba kinachotoka kwenye kichwa cha ufunguo na kuingia katikati ya mashine. Cha 7S26 hakifai kwenye NH36, na kinachokuja na mashine mpya huja kirefu kupita kiasi makusudi, ili ukikate kulingana na kasha lako. Nilipima mara mbili, nikaweka alama, nikakata kwa koleo, nikaskurubu kichwa, nikasukuma. Kichwa kiligusa kasha kabla kijiti hakijafika mahali pake ndani. Nilikuwa nimekikata kifupi, pengine kwa nusu ya milimita, na chuma kilichokatwa hakirefuki. Nilikaa nikiangalia kile kipande kidogo kilichobaki mezani, nikajua kwamba nilikuwa nimepima nikiwa na haraka ya kumaliza kabla ya sikukuu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kariakoo kwa mzee mmoja fundi saa ambaye meza yake ina sanduku la kioo lisilozidi upana wa sinia. Nilimwamkia, nikamtolea mashine na kijiti changu. Alikitazama kwa lenzi yake ya jicho, hakunicheka.

"Mwanangu, umekata ukatosheka," alisema. "Hiki hukatwa kirefu, halafu unapiga tupa. Unapiga mara tatu, unajaribu. Mara tatu nyingine, unajaribu. Koleo halijui kurudi nyuma."

Alifungua kikopo cha filamu ya kamera na kunichagulia kijiti kilichotoka kwenye mashine ya NH35 iliyokufa. NH35 ni ndugu wa NH36, haina tu bamba la siku, na kijiti chao ni kimoja. Hicho kilikuwa kimetoka kwenye saa yenye kasha kubwa zaidi, kwa hiyo kilikuwa kirefu kuliko nilivyohitaji. Alikataa nimlipe zaidi ya shilingi elfu mbili. Leo nimekipiga tupa mara kumi na nane kwa kuhesabu, nikikijaribu kila baada ya tatu, na mara ya mwisho kichwa kililala juu ya kasha bila mwanya, na nilipokivuta nilihisi kwa kidole hatua zote mbili zikiitika.

Mishale huwekwa saa sita usiku, hata kama nje ni mchana kweupe. Unazungusha ufunguo polepole huku ukiitazama tarehe, na pale inaporuka ndipo unapokoma, kwa maana kwa mashine hiyo siku mpya imeingia. Kisha unapachika mshale wa saa na wa dakika vyote vikielekea juu kabisa. Ukikosea, tarehe ya mwenye saa itakuwa inabadilika wakati wa chakula cha mchana. Nilipokuwa nikiikandamiza mishale ile nilimkumbuka mjomba mwenyewe akinifundisha kusoma saa nikiwa darasa la pili: mshale mfupi ukiwa kwenye 7 usisome 7, soma namba iliyo mkabala nayo, ndiyo saa moja. Kwake namba 12 juu ya uso huu haijawahi kuwa kumi na mbili.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Mpira mpya wa kuzuia maji, nimeupaka grisi ya silikoni. Programu ya simu inayosikiliza mapigo ilionyesha kwamba inawahi sekunde 19 kwa siku. Nikakisogeza kile kiwiko kidogo cha kurekebishia kwa kiasi ambacho jicho halikioni, ikawa 6. Nimeandika kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba asiibadilishe tarehe kwa ufunguo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa kuwa muda huo meno ya gurudumu la tarehe huwa yamekwisha kushikana na anaweza kuyavunja.

Mashine ya zamani ipo kwenye kikopo mbele yangu. Sikuitupa wala sitaitumia kama spea, maana ni mali ya mtu, na naamini kwamba anayebadilisha mashine ya saa ya mwenzake anapaswa kusema wazi alichotoa na kukirudisha mkononi mwa mwenyewe.

Mjomba amepiga simu magharibi kutoka Mbagala.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Eti, inatembea?"

"Inatembea, Mjomba. Kesho nakuletea."

"Hebu nisikie."

Niliigeuza saa kifudifudi, nikaiweka simu juu ya kifuniko cha nyuma, nikangoja. Hakusema kitu kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika.

"Hii inakwenda," alisema mwishowe. "Na ile yangu iko wapi?"

"Ninayo hapa, kwenye kikopo."

"Uje nayo."