Sukutua kabla kinywa hakijauma

Nawafikiria wanaoanza tiba ya mionzi kwa saratani ya kichwa na shingo. Wiki ya kwanza wengi hula vizuri, wakadhani wamesalimika. Vidonda huja wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu utando wa ndani ya kinywa hujijenga upya kila siku, na mionzi huzuia seli mpya kuzaliwa. Ule wa zamani ukibanduka, nyama hubaki wazi. Mate nayo hupungua na kunata.

Ndiyo maana nasisitiza kusukutua kuanzia siku ya kwanza. Chemsha maji lita 1, yaache yawe vuguvugu, tia chumvi kijiko 1 cha chai na baking soda kijiko 1, vyote vya kusawazisha. Magadi hapana, ni makali mno. Wala baking powder, ina asidi. Zungusha fundo mashavuni, lifikishe kooni, teme. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa macho, na kila umalizapo kula. Yakichoma, ongeza maji, usiache. Kesho yake tengeneza mengine. Dawa za kusukutua zenye alkoholi hukausha kinywa.

Kinachonisikitisha zaidi ni uji uliozidishwa maji ili upite kooni: unapita kweli, lakini mgonjwa anakonda. Pika uji mzito, uepue upoe kidogo, kisha koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi. Muda si mrefu utalegea wenyewe, maana kimea huvunja wanga. Ukikitia uji ukiwa unatokota, hakifanyi kazi. Uchemshe tena, tia maziwa na siagi ya karanga, unywe ukiwa vuguvugu. Mtori uliosagwa laini nao ni mzuri. Pilipili, ndimu na ukwaju vingoje.

Dawa ya maumivu inywewe nusu saa kabla ya chakula. Daktari akiandika morfini ya maji, tafadhali usiiogope; omba pia ya kulainisha choo, kwani morfini hufunga.

Utando mweupe mithili ya maziwa yaliyoganda huenda ni fangasi, na hao wana dawa yao. Homa ya nyuzi 38, au maji kushindikana kumezwa, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini usijikatishie mionzi mwenyewe: siku zinazorukwa huipa saratani nafasi ya kukua tena.

Maumivu yanaweza kuzidi hata wiki 1 au 2 baada ya mionzi kwisha. Endelea kusukutua mpaka vidonda vifunge.