Daftari la mzee lina pande mbili

Mzee wangu alikua mganga wa jeshi vita ya Kagera. Sio daktari jamani, alikua na kozi ya uganga msaidizi basi, ila kule wote walimwita dokta na jina likaganda, mpaka huku kwetu Mpwapwa watu walikua wanamgongea saa nane usiku mtoto akipata degedege. Alifariki mwaka juzi. Sasa juzi kati tumefungua sanduku lake la bati tukakuta kaunta buku moja limechakaa, jalada limeshonwa na uzi ambao nahisi kabisa ni ule wa kushonea vidonda.

Ukilifungua mbele ni wagonjwa. Ukiligeuza kichwa chini ukaanzia nyuma ni barua alizokua anamwandikia mama. Karatasi zilikua za shida kwa hiyo anaandika kwanza humo, anafuta, anaandika tena, akiridhika ndo ananakili kwenye karatasi safi. Zile safi zenyewe mchwa walishazimaliza zamani, zimebaki hizi zenye mafutio.

Upande wa mbele ukiusoma utashangaa maana sisi tunavyoifikiria vita ni risasi tu. Amin wa Uganda kaingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, tarehe 2 Novemba Mwalimu katangaza tunampiga, siku chache baadae mzee yuko juu ya lori anaelekea Bukoba, na kurasa zake za kwanza zote ni hivi: malaria 11, miguu 9, kuhara 6. Kesho yake malaria 14, miguu 12. Miguu! Walitembea bwana, kutoka mpakani Mutukula Januari mpaka Kampala Aprili wengi wao ni kwa mguu, mvua za masika juu yake, buti hazikauki, vidole vinaoza. Mzee alikua akihadithia hapo anacheka, anasema mwanaume mzima mwenye bunduki analia akipakwa jivii, ile dawa ya zambarau.

Na klorokwini, vidonge vya malaria. Wa zamani mnaijua ilivyokua inawasha mwili mzima, basi askari wanaipokea wanaitupa kichakani, wanaona bora homa kuliko kujikuna usiku kucha kwenye handaki. Ikabidi mzee awe anasimama mbele ya kila mtu, meza, fungua mdomo, inua ulimi, kama chekechea. Sindano zenyewe za kioo, anachemsha kwenye mestini ileile anayochemshia chai. Raia wa kule Masaka nao wakawa wanakuja na watoto, wao Kiganda yeye Kiswahili, wanaonyeshana tu kwa vidole panapouma, halafu jioni wanamletea matoke. Kwenye barua kalalamika hayo matoke mara tano kwa hesabu yangu. Mgogo wa watu alikua anataka ugali wa uwele na mlenda.

Kuna ukurasa mmoja tu hauna malaria wala miguu. Juu kaandika Lukaya 11 Machi, ile sehemu barabara inakatiza kwenye mafunjo ambapo walikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Chini yake hamna neno, kuna vijistari vitano vitano vimekatwa kama mtu anahesabu magunia ya karanga. Nimevihesabu. Siandiki hapa ni vingapi.

Sasa geuza daftari.

Barua zote zinaanza vilevile, ama baada ya salamu mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Halafu mbuzi. Halafu paa la jiko limezibwa? Neema kaacha kunyonya kidole? Mama alibaki na Neema wa miaka mitatu na mwingine tumboni, na mzee alijua huyo wa pili ni wa kiume wiki tano baada ya kuzaliwa. Ila katikati ya hizo mbuzi kuna mistari imefutwa kwa hasira mpaka karatasi imetoboka, ukiiweka kwenye mwanga unasoma. "Leo nimemfunga mtu macho, ananiuliza kama ni usiku." Imefutwa. "Nalala na ile kanga yako." Imefutwa, mara mbili.

Nikajua ni mambo ya jeshi kukagua barua. Nikamuuliza mama, akacheka mpaka akakohoa. Ukaguzi gani? Mama alikua hajui kusoma! Barua ikifika inapelekwa kwa mwalimu wa shule ya msingi, anaisoma kwa sauti barazani, bibi mzaa baba kakaa pale, shemeji zake wapo, na majirani wanaotaka habari za watoto wao. Mzee alilijua hilo baraza vizuri, ndo maana anaandika mbuzi.

Mama hakuniambia kitu kingine siku hiyo. Ila ndani ya daftari, sehemu za Aprili, kuna kikaratasi kimekunjwa mara nne, herufi kubwa zinapanda na kushuka kama kilima cha Kibakwe, za penseli. Kumbe alijiandikisha kisomo, ngumbaru ile, mimba ya miezi saba anaenda jioni kukaa kwenye madawati ya watoto. Nanakili kilivyo:

BABA NEEMA. NAANDIKA MIMI MWENYEWE. MBUZI KAZAA WAWILI. NASOMA MWENYEWE. MWALIMU HAYUPO.

Barua ya mzee inayofuata ina kurasa tatu na haina futio hata moja. (Karudi Septemba 1979, mimi nimezaliwa Julai 1980, pigeni hesabu wenyewe.) Nikaanza kumsomea mama kwa sauti maana macho yake siku hizi mabovu, nimefika mstari wa pili tu akanyoosha mkono akalichukua daftari, akalifunga, akalikalia.

"Hiyo niachie," kasema. "Kamwangalie mbuzi amefungwa vizuri."

Hatufugi mbuzi toka 2011.