Jim Reeves, mgeni wetu wa Jumapili

Baba yangu alikuwa karani bandarini Kilindini, na kila Jumapili tuliporudi nyumbani Freretown kutoka kanisani, akisubiri wali wa nazi upakuliwe, alitia kaseti ya Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri, kwenye redio, nasi watoto tukajua kwamba kelele zimekwisha. Kiingereza sikukijua vyema wakati huo. Nilichotambua ni kwamba bwana huyu hapazi sauti kama wanakwaya wetu. Aliimba kama mtu anayezungumza na jirani aliyeketi naye barazani.

Upole ule hakuanza nao. Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 katika wilaya ya Panola, Texas, akataka kuwa mchezaji wa besiboli hadi alipoumia mshipa wa fahamu mguuni, kisha akawa mtangazaji wa redio. Wimbo uliompa jina mwaka 1953, "Mexican Joe", ni wa haraka na wa kuchangamsha. Ni "Four Walls" wa mwaka 1957 uliomsogeza karibu na maikrofoni, akaimba kwa sauti ya chini, naye mtayarishaji wake, Chet Atkins, akaacha sauti hiyo itangulie mbele ya ala. Kwa maoni yangu, utangazaji ulimfaa kuliko mafunzo yoyote ya muziki: kila neno lake linasikika hadi silabi ya mwisho, na sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu tuliweza kumfuata, jambo ambalo wengi wa wenzake wa kantri hawakutujalia. Albamu yake ya nyimbo za dini, "We Thank Thee" ya mwaka 1962, ndiyo iliyochakaa zaidi kwetu. Utepe ulipokwama, Baba aliuzungusha kwa kalamu huku akiendelea kuimba mwenyewe.

Tarehe 31 Julai 1964, Reeves alikuwa akiirusha mwenyewe ndege yake ndogo kutoka Batesville, Arkansas, kurejea Nashville, akiwa na mpiga piano wake, Dean Manuel. Wakaingia katika mvua kubwa ya radi, na ndege ikaanguka msituni karibu na Brentwood, Tennessee. Miili yao ilipatikana siku mbili baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Mjane wake, Mary, aliendelea kutoa rekodi alizoziacha, na mwaka 1966 "Distant Drums" ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Kaseti nazo zikaendelea kufika Mombasa, baadhi zikiwa na nyimbo tulizoziona mpya, hivyo nyumbani hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba mwimbaji ameaga dunia. Mama alipata habari hizo kwangu, kwenye matanga ya Baba, wakati binamu yangu alipozipiga nyimbo zile jioni.

"Maskini, na huyu naye amefariki lini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mwaka 1964. Akanyamaza kidogo, akihesabu kwa vidole.

"Basi babako alinioa huyu bwana ameshazikwa," akasema, "na harusini nyimbo zake ndizo tulizocheza."