Chumvi ya akwariamu ilikuwa inapanda tu, nimeshaipatia dawa
Jamani jana ndiyo nimelala kwa amani. Tangi langu jipya la maji chumvi, wiki ya tatu hii, kipimo cha chumvi cha mshale (kinaonyesha uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi) kinatoka 1.025 kinaenda 1.030, konokono wamejifungia ndani hawatembei. Nikabadilisha maji, wapi, nikanunua kipimo kingine, yale yale. Kumbe maji yakipungua nilikuwa najazia ya chumvi, na kinachoruka hewani ni maji tu, chumvi inabaki humo humo! Nikachota kidogo kidogo siku nne narudishia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, mpaka ikashuka. Sasa nimechora mstari wa maka peni kwenye kioo, kila asubuhi najazia hayo hayo mpaka hapo basi. Halafu gongagonga kipimo kwanza, vipovu vikishika mshale kinasoma juu.