Siku keneli ilipodai haina kumbukumbu

Juzi kijana mmoja wa mwaka wa tatu ameleta marekebisho kwenye keneli yetu, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kila palipokuwa na `u32` (jina letu fupi la namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi) ameweka `unsigned long`, na chini kaandika: "Shikamoo Mwalimu. Huku kwangu inakubali vizuri tu, sasa haya majina mafupi ni ya nini?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Badala yake nikajikuta nimerudi kwenye ule usiku wa kuhamia biti 64.

Hali ilikuwa hivi: keneli ya kufundishia ya biti 32, inawashwa na GRUB (programu ya kuwashia mfumo) ndani ya QEMU (programu inayoigiza kompyuta), imepita mikono mingi. Sehemu ya kuwasha, iliyoandikwa kwa asembli, haikutusumbua sana. Ukikosea jedwali za kurasa (ramani ya anwani anayoifuata prosesa) pale, mashine hujizima na kujiwasha upya mfululizo, basi unaweka `-no-reboot -d int` na QEMU inakuonyesha ilipokwama. Msimbo wa C ulikusanywa bila kosa hata moja. Salamu ya keneli ikatokea kwenye skrini, na chini yake:

kumbukumbu huru: 0 KB

QEMU usipoiambia kitu hutoa MB 128. Tukachapisha ramani ya kumbukumbu inayoletwa na GRUB, ingizo kwa ingizo. Ikatoka mistari miwili tu:

anwani 0x0009fc0000000000  urefu 0x0000000100000000  aina 0x0009fc0000000014
anwani 0x0000000000000400  urefu 0x0000001400000002  aina 0x00000000000f0000

Utazame mstari wa kwanza taratibu. Urefu ni GB 4 kamili, kwenye mashine ya MB 128. Anwani iko mbali kuliko kumbukumbu yoyote tunayoweza kununua. Lakini hizo 9fc00 si takataka. Kila aliyewahi kuandika keneli ya PC anaijua 0x9fc00, ndipo inapoishia kumbukumbu ya chini. Namba ni sahihi, ila imekaa chumba cha jirani.

Tukatoa baiti zenyewe, ambazo kwenye PC husomwa ile ndogo ikitangulia. Ingizo la kwanza lilikuwa hivi:

14 00 00 00
00 00 00 00 00 00 00 00
00 fc 09 00 00 00 00 00
01 00 00 00

Multiboot, mkataba kati ya GRUB na keneli, inasema hivi: baiti 4 za ukubwa, 8 za anwani, 8 za urefu, 4 za aina. Jumla 24, na ule ukubwa haujihesabu wenyewe, ndiyo maana unasomeka 0x14, yaani 20. Keneli yetu ilikuwa inasoma baiti 8 za ukubwa. Kwa bahati baiti 4 za ziada zilikuwa sifuri, kwa hiyo ukubwa ukatoka 20 safi na hakuna aliyeushuku. Kuanzia hapo kila kitu kikasogea baiti 4. Nusu ya chini ya urefu ikaangukia nusu ya juu ya anwani. Aina, ambayo ni 1, ikageuka GB 4. Nafasi ya aina ikachukuliwa na mwanzo wa ingizo linalofuata, na kwa kuwa keneli inahesabu kumbukumbu ya aina 1 pekee, yaani iliyo huru, ikaliruka ingizo hilo. Hatua ya kwenda mbele nayo ni ukubwa pamoja na `sizeof` ya ukubwa (idadi ya baiti za sehemu hiyo yenyewe): 28 badala ya 24. Ikatua katikati ya ingizo la pili, ikaichukua anwani 0x9fc00 kuwa ndiyo ukubwa, ikaruka zaidi ya KB 600 mbele na kutoka nje ya ramani. Kitanzi kikaisha kwa amani kabisa.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja kwenye heda ya zamani, faili la matangazo linaloingizwa kwenye mafaili mengine:

typedef unsigned long u32;

Aliyeuandika hakuwa mjinga. Kwenye kompaila za DOS `int` ilikuwa biti 16, na ukitaka 32 unachukua `long`. C yenyewe haiahidi zaidi ya viwango vya chini: `char` biti 8, `short` na `int` 16, `long` 32, na `long long`, iliyoingia rasmi na C99, 64. Heda ikahamia i386, yaani PC za biti 32, ambako `int` na `long` zote ni 32, ikaendelea kuwa sahihi. Kwenye x86-64, yaani PC za biti 64, kwa mtindo wa Linux na Unix, `long` na pointa (inayobeba anwani ya kumbukumbu) hupanda pamoja kuwa 64. Windows ya biti 64 ilikataa njia hiyo ikaibakiza `long` kwenye 32. Ndiyo maana kwa huyu kijana "inakubali": zana zake ni za Windows.

Tukaandika `typedef unsigned int u32;` tukawasha tena. Safari hii ramani ilisomwa mpaka mwisho, lakini anwani na urefu wa mstari wa kwanza havikubadilika hata tarakimu moja. Kilichobadilika ni aina. Ilikuwa 20 kila mstari, isipokuwa wa mwisho uliosoma yaliyokuwa nje ya ramani.

Hiyo 20 ndiyo iliyotusaidia. Hakuna aina ya 20 kwenye ramani, ila kila ingizo linaanza na ukubwa wa 20. Kumbe tulikuwa bado tunasoma baiti 4 mbele. Kwenye i386 ya Linux, namba ya biti 64 ndani ya `struct` (kundi la data linalopangwa pamoja) hupangwa kwenye mafungu ya baiti 4. Kwenye x86-64 hupangwa kwenye mafungu ya 8, kwa hiyo kompaila iliweka baiti 4 tupu baada ya ukubwa, na `struct` ya 24 ikawa 32. Msimbo uleule, kila aina ina upana sahihi, na bado haisomeki. Tukaongeza `__attribute__((packed))`, inayoikataza kompaila kuweka nafasi tupu, na mstari wa kwanza ukatoka 0x0, urefu 0x9fc00, aina 1. Chini yake tukaipata 0x100000 yenye urefu 0x7ee0000, ambayo ndiyo kumbukumbu tuliyokuwa tunaitafuta.

Tulinusurika na jingine bila kulijua. Ingizo la jedwali la ukatizaji (linalomwambia prosesa aende wapi anapokatizwa kazi) kwenye biti 64 ni baiti 16, zikiwemo `u32` mbili. Kwa heda ya zamani lingekuwa 24. Kwa kuwa ukatizaji ulikuwa bado umefungwa, halikuonekana.

Kabla ya kulala tuliweka mistari ya ukaguzi kwenye heda yenyewe:

_Static_assert(sizeof(u32) == 4, "u32");
_Static_assert(offsetof(struct mmap, addr) == 4, "mmap.addr");

Huo wa pili una thamani kuliko wa kwanza. Upana wa aina watu hukumbuka kuukagua, nafasi ndani ya `struct` wengi huisahau. `_Static_assert` inahitaji C11. Kwenye kompaila kongwe zaidi unatangaza safu ambayo ukubwa wake unakuwa -1 sharti lisipotimia, na kompaila inagoma. Tulipofika kwenye `s8`, namba ya biti 8 yenye alama ya hasi, tukaandika `signed char` kwa kirefu, maana `char` tupu ina alama ya hasi kwenye x86 na haina kwenye ARM ya Linux.

Mtu ataniuliza kwa nini tusitumie `uint32_t`, jina rasmi la C kwa kitu hichohicho, moja kwa moja. Heda yake, `<stdint.h>`, ipo hata ukikusanya na `-ffreestanding`, yaani bila maktaba ya kawaida ya C, na kwa keneli mpya ningeanzia hapo bila ubishi. Ila `uint64_t` kwenye Linux ya x86-64 ni `unsigned long` na kwingine ni `unsigned long long`, kwa hiyo kuichapisha kunataka makro za `<inttypes.h>`, ambayo mazingira yasiyo na maktaba hayakuahidiwa. Keneli ya Linux imefanya `u64` kuwa `unsigned long long` kila mahali, na alama moja ya kuchapisha, `%llx`, inatosha. Kwa anwani tulichukua `uintptr_t`, namba inayotosha kubeba pointa.

Tulichobishania mpaka kunakucha ni `time_t`, aina inayobeba muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Ilikuwa `long`, kwa hiyo kwenye biti 64 ilikuwa imepona yenyewe, na kwenye biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Tatizo ni kwamba mtu alikuwa ameiweka ilivyo ndani ya ingizo la faili kwenye diski. Diski iliyoandaliwa na keneli ya 32 haikusomeka na ya 64. Wengine walitaka diski zote ziandaliwe upya kwa biti 64. Mwishowe ndani ya keneli tuliweka `s64`, na kwenye diski `u32` isiyo na alama, ili zile za zamani zisomeke. Hiyo inafika Februari 2106. Mimi nilipiga kura upande huo, na kila nikiifungua ile heda nashawishika kidogo kwamba upande wa pili ndio waliokuwa sahihi.